Kinyozi na Kisahani cha Rangi ya Waridi

Jongeeni, enyi mabwana na mabibi, nanyi mlioshika simu ziwekeni mfukoni, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa mtaani kwetu wiki hii hii. Wala sikuhadithiwa mimi. Nilikuwapo, nimenyolewa nusu ya kichwa.

Mtajwa wa kwanza ni shujaa wetu Kinyozi, simba wa mashine na chanuo, ambaye mbele yake vichwa vya wakubwa na wadogo huinama bila kuamrishwa. Doa lake lilikuwa moja tu. Katika ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki mpaka vitue ndani ya kikapu cha minyororo, visahani vyake havikuwahi kukiona kikapu. Viliona kichaka, viliona mtaro, na kimoja kiliona dirisha la mwalimu mkuu.

Basi adhuhuri hiyo nimeketi kitini, kitambaa cha kunyolea shingoni, upande wangu wa kulia umekwisha kung'arishwa, mara akaingia mkewe, mshona mapazia, na tepu yake ya kupimia begani.

"Baba Watoto, naenda hapo duka la michezo kuandikisha majina ya mashindano ya Jumamosi ya wawili wawili. Mwaka huu nacheza na kaka."

Mashine ikazimwa. Tangu uchumba wao walikuwa wakicheza pamoja, na tangu uchumba wao walikuwa wakishika mkia.

"Kaka yako!" akanguruma shujaa. "Yule Mkono Mrefu, ajisifuye hata akimimina chai? Ewe tulizo la moyo wangu, miaka yote tumekaa mkiani pamoja, leo waniacha huko peke yangu, mbele ya majirani?"

"Nimechoka kutafuta visahani vichakani, bwana. Nguo zangu zote zimejaa miiba."

"Kosa si la mkono, ni la silaha! Nitachagua kisahani kipya cha kwenda masafa marefu, nikirushe mbele ya macho yako. Kikiingia kikapuni, wacheza nami."

"Kwa kurusha mara moja?"

"Mara tatu," akajibu shujaa, maana ushujaa si wendawazimu.

Akavuka barabara kifua mbele, mkewe nyuma yake. Nami nibaki na nusu kichwa nikifanya nini? Nikawafuata, kitambaa kikinipepea mgongoni, na madereva wawili wakasimama kunipisha kwa heshima ambayo sijaipata tena.

Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso, alikuwa na ukuta mzima wa visahani.

"Chenye ukingo mpana kina mbio," akasema, "lakini nacho kinataka mkono wenye mbio. Mkono ukiwa wa taratibu, kinakukatia pembeni na kuanguka mapema. Wewe unarushaje, mwanangu?"

"Kama radi!"

"Kama anayewapa bata makombo," akasema mkewe.

Lakini jicho la shujaa lilikuwa limekwisha tekwa. Hapo juu kiliketi kisahani cheusi, mpana ukingo wake, jina lake Radi, ndugu kamili wa kile cha Mkono Mrefu. Akakitwaa, akatoka nacho uani, ambako kikapu cha majaribio kilisimama ukutani kikimngoja kwa dharau. Akauvuta mkono mpaka upande wa pili wa kifua, akazungusha kiuno, akaachia. Radi ikaenda, ikajifikiria, ikakata kushoto, ikaangusha shuka la mwenye duka kutoka kwenye kamba. Akarusha tena. Mara hii ilizama katika ndoo ya kudekia.

Shujaa akaketi juu ya kreti. Ilikuwa huzuni ya kweli, wala sitaitania.

"Kaandikishe jina la kaka yako," akasema polepole.

Kisha, kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akakivua kile kitambaa shingoni mwangu na kukikung'uta: kiwiko kimebana ubavuni, kiganja kimetazama mbele, kifundo cha mkono kikafyatuka. Pwaa! Njiwa wakalikimbia paa, na nywele zangu zikatawala ua mzima.

"Rudia!" akapiga kelele mkewe.

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo! Huo ndio mkono wako, Baba Watoto! Miaka yote unamwiga kaka kukata kiuno, kumbe wewe ni mtu wa kukung'uta!"

"Basi Radi si yako," akasema mwenye duka. "Mtu wa kifundo namchagulia chenye ukingo mwembamba, chepesi, kinachoelea." Akaingia ndani, akarudi na kisahani cha rangi ya waridi. Juu yake palichorwa kipepeo mwenye kope ndefu, anatabasamu.

Ndipo vita halisi vikaanza, na uwanja wake ulikuwa kifua cha mtu mmoja. Shujaa alimtazama kipepeo. Akaitazama Radi inayotiririka maji machafu. Akawaza kicheko cha Mkono Mrefu siku ya Jumamosi. Mwisho akamtazama mkewe, naye mkewe alikuwa amebana pumzi.

"Kilete," akasema.

Akakikung'uta. Kikapaa, kikaelea pasi na haraka, kikainama kidogo kulia, kikagonga mnyororo, kikaning'inia ukingoni kikishauriana na nafsi yake, kisha kikatumbukia.

Tukapiga vigelegele wote, mimi na mwenye duka tukakumbatiana bila kujuana. Mkewe akatoa simu.

"Kaka, tafuta mwenzio. Mimi nina mtu wangu."

Shujaa akageukia ukuta kwa muda, akasema nywele zangu zimemwingia machoni.

Na iandikwe hivyo katika kumbukumbu za mtaa. Saluni ilifungwa papo hapo, wakaenda uwanjani wote wawili wakibishana nani abebe kisahani, na hakuna aliyenikumbuka. Kwa hiyo, enyi waungwana, mnaponiona nimevaa kofia jua lote hili, sijaugua. Kinyozi amenitaka radhi, akaniita nikamaliziwe, nami nimekataa mpaka Jumamosi ipite. Atakayesema hayo hayakutokea, nitamvulia kofia.