Jinsi Uweso wa Nguvumali Alivyopata Kikalio cha Uradi

Sogezeni mikeka, enyi watu wa Nguvumali, na mwenye kukohoa akohoe sasa, nipate kuwasimulia habari za Uweso bin Sadalla, simba wa magoti mawili mabovu, aliyeingia vitani mwaka ule sabuni iliporudi madukani, akapambana na vikalio vitatu na asisalimu amri.

Alikuwa mwanafunzi mchanga wa uradi. Alhamisi tatu mfululizo alikaa mkekani baada ya Alasiri, na Alhamisi tatu magoti yakamwasi, akainuka kabla ya dua. Sheikh Mselem akatamka mbele ya jamaa wote: "Ewe Uweso, tafuta kikalio kifupi kikustiri. Ukiinuka mara ya nne, utakaa mlangoni ulinde viatu!" Aibu ilimchoma, maana utulivu wa uradi aliutaka kweli; tangu astaafu, moyo wake haukuwa na pa kutua.

Akatoka kwenda kutafuta. Kigoda cha miguu mitatu kikamwangusha chali sokoni. Mto wa sufi ukammeza mpaka kiunoni. Dukani kwa Shamsuddin akakalia stuli mpya ya plastiki iliyotoka ng'ambo. Ikalia, ikatanua miguu, ikakata roho.

"Bwana Uweso," akasema Shamsuddin kwa huzuni kuu, "mali hii yataka kutazamwa tu."

Akarudi nyumbani hoi, na uani, bila kutazama, akajitupa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Subhanallah! Mgongo ukanyooka, magoti yakanyamaza, na yale meno ya chuma mbele yake yakamkataza kusinzia. Akavuta tasbihi nzima asitikisike.

Ndipo mkewe Tuhfa, malkia wa jiko, akatokea na nazi mbili. "Mume wangu, mbuzi hii nimekuja nayo toka Pemba, na mwanamume hajaikalia bado. Sheria yake ni moja: anayeikalia hukuna!"

Uweso akautazama ukuta wa jirani, akayatazama magoti yake. "Lete sinia!" akanguruma.

Alhamisi akaibeba mbele za watu, meno yamefungwa kitambaa. Wenzake wakauma midomo wasicheke. Uradi ukapanda, ukashuka, dua ikasomwa, na Uweso yuko palepale, machozi ya furaha yakimtiririka.

Baada ya amin, Sheikh Mselem akajaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Akanong'ona, "Uweso, bibie anazo ngapi?"

"Moja tu, sheikh. Na sheria yake waijua mji mzima."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, vizazi visome: kesho yake asubuhi, uani kwa Uweso, Sheikh Mselem alikuna nazi tatu, naye shujaa wetu akamshikia sinia.