Mlango wa Kuinua

Gazeti hajawahi kununua gazeti maishani mwake. Husoma ya wenzake, tena kwa sauti, na ndiyo maana akabatizwa jina hilo. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la muuza kahawa pembeni ya gereji, alikuwa amelishika la kinyozi.

"Sikilizeni hii! Magari mapya sasa yanafungua milango yenyewe. Dereva hagusi kitu."

"Wamechelewa hao," akadakia kinyozi, Redio, ambaye mdomo wake haujui kuzimwa. "La Mzee Sindano linajifungua lenyewe tangu sisi hatujaota ndevu. Kata kona ya kulia tu uone!"

Benchi zima likaangua kicheko. Sindano, fundi cherehani, alicheka nao, ila kahawa ilimpalia. Kesho binti yake anaolewa, na yeye kwa kinywa chake alikuwa ametamba mbele ya wakwe kwamba bibi harusi atapanda gari la marehemu babu yake. Wakwe walitikisa vichwa kwa adabu, kisha wakatazamana. Mjomba wa bwana harusi akasema gari lao jipya litakuwa tayari, likitokea lolote. Hilo lolote Sindano alilijua vizuri sana. Lilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto, ambao kuufunga ilibidi uuinue kwa mikono miwili, uuvute, kisha uumalizie kwa nyonga.

"Chekeni tu," alisema. "Lakini mlango huu usipofunga kama wenzake leo, mwanangu anapanda gari la watu."

"Gari la watu tena? Si la mume wake?" akauliza Dada Birika, mwenye kahawa yake.

"Mpaka kesho bado ni wangu."

Nyundo, fundi wa gereji, akaweka kikombe chini, akaliendea lile gari kuukuu lililosimama mbele ya gereji, akafungua mlango, akaushika kwa ncha na kuuinua. Mlango ukapanda, ukashuka, ukalia kwee.

"Mmeona? Kitasa hakina kosa. Bawaba zimekwisha. Huu mlango umelala."

"Si uamshwe!" akasema Redio.

"Utaamshwa. Pini mpya za bawaba nimeshachongesha tangu juzi, nilikuwa nangoja mzee aache kuona haya. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukutaaa!" wakaitikia wote.

Jeki ikawekwa chini ya mlango, na juu ya jeki kipande cha zulia ili rangi isichubuke. Redio akapewa kazi ya kuushikilia mlango, akaushikilia huku akiwaeleza wapita njia kwamba bila yeye harusi haipo. Nyundo akamimina mafuta, akagonga kutoka chini kwenda juu, akagonga tena, akaita jina la mama yake. Pini ya kwanza ikachomoka ikiwa imelika katikati, imebaki na kiuno cha nyigu.

Dada Birika akaigeuza kiganjani. "Hii ndiyo iliyokuwa inabeba mlango mzima? Maskini. Basi imenikumbusha ndoa yangu ya kwanza."

"Ulikuwa pini au mlango?" akauliza Gazeti.

"Nilikuwa gari zima, baba. Yeye alikuwa honi."

Pini mpya zikaingia, na bushi za shaba za kuzizunguka, na grisi. Jeki ikashushwa. Mlango ukasimama wima kama askari kwenye gwaride, na Sindano akahisi moyo wake nao umenyooka.

"Haya mzee, funga."

Sindano akausukuma. Ngwa! Mlango ukamrudia. Akausukuma kwa nguvu zaidi. Ngwa! Ukamrudia tena, ukamgonga goti.

"Jamani," alisema akipapasa goti. "Zamani ulikuwa unafunga kwa shida. Sasa haufungi kabisa."

Nyundo akachuchumaa, akachungulia kile chuma kidogo cha kwenye nguzo ya gari kinachoshikwa na kitasa. Akainuka polepole, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani alikishusha chuma hiki?"

Redio akaanza kuchunguza kucha zake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema Nyundo.

"Mimi nilikishusha kidogo tu," akasema Redio. "Nilikuwa namsaidia mzee. Mlango umeshuka, nikaona chuma nacho kiufuate."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza Gazeti. "Maana na mimi niliwahi kumsaidia."

"Mimi nilikigonga kwa jiwe," akasema Dada Birika. "Mara moja. Haya, mbili."

Wakamgeukia mwenye gari.

"Na mimi pia," akakiri Sindano. "Kila nikitegemea wageni."

Nyundo akashika kiuno. "Kwa hiyo mlango unashuka, nanyi mnaufukuza na chuma! Mngeachwa mwendelee, kitasa kingefunga kwenye tairi."

Walicheka mpaka benchi likapinduka na vikombe viwili. Kisha Nyundo akalegeza skrubu, akakipandisha chuma. Lakini kipandishwe kiasi gani? Sindano akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akakipaka kitasa, wakausukuma mlango taratibu waone alama itaangukia wapi. Juu kidogo. Tena. Ndani kidogo. Kazi hiyo aliijua. Ni kama kupachika mkono wa koti. Skrubu zikakazwa.

Tap.

"Rudia," alinong'ona Gazeti.

Tap.

Walikuwa bado wanapeana mikono bibi harusi alipotokea, nywele zimesukwa, kitambaa kichwani. Redio akamfungulia mlango kwa kuinama kama mhudumu wa hoteli. Binti akaingia, akaufunga kwa vidole viwili, akashuka, akaufunga tena. Hakutabasamu.

"Vipi mwanangu, mlango bado una kasoro?"

"Hauna, baba. Sasa mtu yeyote anaweza kuufunga." Akapitisha kiganja kwenye rangi ya mlango. "Tangu naanza shule sijawahi kushuka humu mpaka uzunguke uje unishushe, kisha uuinue uufunge. Nilijua na kesho, hata wakwe wajipange vipi, atakayenishusha ni wewe."

Machozi yalimtoka Sindano waziwazi, wala hakuyaficha.

"Nitazunguka," alisema hatimaye. "Asiuguse mtu. Nitazunguka, nitauinua hivyo hivyo."

Dada Birika akageukia birika lake. Redio akasema grisi imemwingia machoni, yote mawili.

"Uzunguke, mzee, hata mara saba," akasema Nyundo akikusanya spana zake. "Lakini nakuomba, nipo chini ya miguu yako: usiinue!"