Maneno ya Mahali na Kiti Kimoja

Alhamisi, 23 Julai 1970

Habari njema. Kamati ya maneno imebakisha kiti kimoja. Katibu wake, Bwana Mcha, alipita barazani kwangu baada ya alasiri akaeleza masharti. Neno "place" la Waingereza lina maana nyingi. Atakayeleta maneno mengi zaidi ya Kiswahili yenye maana hizo, kila neno na jina la msemaji aliyelitamka, kiti ni chake. Mwisho Ijumaa ijayo. Nimesomesha sarufi miaka thelathini na mmoja. Sioni mwengine.

Kasoro moja. Masharti hayo hayo kapewa Maalim Muhiddin. Hatujasemezana vizuri tangu aliposahihisha hotuba yangu mbele ya watu. Alikosea yeye.

Jumamosi, 25 Julai

Nina kumi na moja: mahali, nafasi, sehemu, upande, makao, maskani, kituo, uwanja, kikao, janibu, makani. Hilo la mwisho hapana aliyelitamka. Nimelitamka mimi, kisha nikaandika jina langu.

Mke wangu, Bi Kidawa, amesema nina maneno kumi na moja ya mahali, na miwani yangu sijui iko mahali gani. Imepatikana jikoni, juu ya kawa la kufunikia chakula.

Jumapili, 26 Julai

Nimepata njia. Jumanne watu wa Makunduchi wanakoga mwaka, sikukuu yao ya mwaka mpya. Desturi yao, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina raha. Basi mgeni mtulivu mwenye daftari ataitwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itampa maneno. Hila safi kabisa.

Nilimkuta Maalim Muhiddin Darajani ananunua ndizi. Nikamwambia nakwenda Nungwi kwa mpwa wangu. Akasema yeye ana homa, hatoki nyumbani wiki nzima. Nilimwombea afya kwa moyo mkunjufu.

Jumanne, 28 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Nilifika na gari la shamba la asubuhi. Bi Mwanapili, mwanamke wa makamo ya mama yangu, alinikamata njiani kabla sijamaliza kusema shikamoo. Akaitika marahaba huku ananivuta ndani. Nikamuuliza maneno ya mahali. Akasema, "Kula kwanza, mwanangu. Maneno hayashibishi." Nikala. Jirani akasema yeye hajapata mgeni. Nikala tena. Nyumba ya tatu nilikula kwa heshima tu. Maneno niliyopata: hakuna.

Tukaenda uwanjani. Huko wanaume wa kusini na wa kaskazini husimama pande mbili, kisha hupigana kwa makuti ya migomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima viishe. Nikatafuta pa kusimama. Kingoni kumejaa watu. Katikati ni peupe, pana hewa, na nyimbo za wanawake zinasikika vizuri. Nikastaajabu wengine hawakupaona. Nikaenda, nikafungua daftari.

Kutoka upande wa pili akaja mzee mwenye kanzu na daftari. Maalim Muhiddin. Hana homa.

Nilikuwa ndiyo kwanza namuuliza hali pande mbili zilipokutana juu yetu.

Aliyetutoa ni Jecha, mtoto wa Bi Mwanapili, mtu mzima mwenye mvi. Alitutazama tunavyolaumiana, akacheka. "Nyie wazee wa mjini mna lenu. Limalizeni hapa hapa, msirudi nalo." Akampa kila mmoja kuti lake. Nikampiga Maalim begani. Akanipiga mkono. Nikampiga tena, pigo hilo la hotuba. Akasema basi, anataka radhi, hakupaswa kunisahihisha mbele za watu. Nami nikakiri kosa lilikuwapo. Dogo.

Tukarudi kwa Bi Mwanapili pamoja, tumejaa matope. Tukala. Hapo ndipo alipofunguka. "Mnauliza mahali kama kwamba ni pahali pamoja tu. Ngarawa zinapopandishwa ni diko. Wavuvi wanapolala ugenini ni dago. Panapolimwa ni konde. Pa mawe, muhogo hauingii, ni uwanda. Walipokaa wazee wetu ni kiambo. Andikeni basi, au makalamu yenu nayo yamepigwa?"

Aliendelea mpaka magharibi. Mimi nilishindwa kushika kalamu. Muhiddin akaniandikia, kwa hati nzuri, nikiri.

Ijumaa, 31 Julai

Tumepeleka orodha moja, sahihi mbili. Maneno thelathini na manne! Bwana Mcha alisoma kimya, kidole kwenye safu ya majina. Akasema kumi na manane kati ya maneno hayo yametoka kwa Bi Mwanapili, na kiti ni cha mwenye maneno. Sisi tutakuwa washika kalamu wake. Nilianza kueleza sarufi ni nini. Muhiddin alicheka mpaka akakohoa.

Bi Kidawa amefurahi kuliko kawaida. Anasema kiti kimepata mwenyewe, na mimi nimepata rafiki, nataka nini tena.

Jumapili, 2 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu. Bi Mwanapili hajui kusoma. Basi mshika kalamu anayekaa kuliani kwake ndiye atakayemsomea orodha mbele ya kamati. Huyo ndiye kamati yenyewe. Na atakaa kuliani yule aliyemzoea zaidi.

Kesho tunakwenda kumpa habari ya kiti. Nimemwambia Muhiddin, kwa kuwa sasa ni ndugu, tuondoke pamoja na gari la saa nne. Mimi nitapanda la saa kumi na mbili alfajiri. Halua nimeshanunua, ratili mbili, nimeificha Bi Kidawa asiione.

Muhiddin alikubali saa nne upesi, bila ya swali hata moja. Mtu mwema yule. Hana hila kabisa.