Kata ya Shilingi Sifuri

Taifa lilipata bahati siku Bwana Wenseslaus, kaimu mkuu wa Kitengo cha Vitu vya Kale Vinavyouzwa Mtandaoni, alipotangaza hapa Moshi kwamba kitu kisicho na risiti kilipatikana kwa shilingi sifuri. Kwa hiyo bei yote uliyouzia ni faida, na faida hulipiwa kodi. Watumishi wake wote wawili walipiga makofi. Sisi watu wa mlimani tunasingiziwa kupenda hela. Si kweli, tunazionea huruma tu zikilala nje.

Wakubwa walishamwambia Wenseslaus kwamba akimpata mlipa kodi wa kwanza, ukaimu utaisha, atakuwa mkuu kamili. Akimkosa, kitengo kinafungwa na yeye anarudi masjala. Basi alipoona mtandaoni kwamba Mama Redempta wa Kibosho ameuza kata kuukuu ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mzungu anayekusanya kata, kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, alimshukuru Mungu na kumwita ofisini.

Shikamoo ikatolewa, marahaba ikaitikiwa, serikali ikaanza kazi. Kata aliinunua wapi? Mama akasema haikununuliwa. Zamani kuna baba mmoja aliiba mbuzi wao, akamla na supu akanywa. Alipojulikana, akaja kuomba msamaha kimila, jani la isale mkononi. Kwa kuwa hakuwa na mbuzi wa kurudisha, akatoa kata ya babu yake iwe fidia. Wazee wakaridhika, kesi ikaisha.

"Jina la mtoaji?" akauliza Wenseslaus, kalamu tayari.

"Baba yako, mwanangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Watumishi wakageukia dirishani kuutazama mlima, ingawa siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu. Wenseslaus aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini cheo ni cheo, jamani. Akajikohoza, akaeleza kwamba fidia bila risiti, kwa mujibu wa mwongozo, nayo ni sifuri.

"Andika," mama akasema kwa upole. "Ila kama kata ile ilikuwa sifuri, basi marehemu baba yako hakutulipa kitu, na mbuzi wetu bado tunamdai. Si ndiye wewe kitinda mimba uliyeachiwa kihamba?"

Ndiye. Na kwetu, anayerithi kihamba na migomba ya baba hurithi na kesi zake. Mtu mwenye akili angeufuta mwongozo palepale. Wenseslaus, mtoto wetu tuliyemsomesha kwa kahawa, aliandika sifuri.

Ijumaa akathibitishwa kuwa mkuu kamili. Jumamosi akapanda Kibosho na jani la isale, akimkokota beberu aliyemnunua gulioni Himo. Wazee walishakaa, mbege imeshachotwa. Mama Redempta akalipokea jani, maana isale halikataliwi. Kisha akamzunguka beberu taratibu, akampapasa mbavu, akaridhika.

"Mbuzi mzuri," akasema. "Risiti yake iko wapi?"