Kofia Kwenye Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 9 Juni

Leo tena Miwani, fundi mwenzangu, kakalia kiti cha dirishani. Kiti chenyewe hakina jina la mtu! Anawahi tu kufika, anajibwaga karibu na Bi Vifungo, basi. Mimi nashona suruali zangu kule mwisho wa karakana, karibu na pasi, nachemka. Bi Vifungo akicheka namsikia tu. Simwoni. Nitamposaje mtu nisiyemwona?

Jana nilimlilia Dada. Anafundisha falsafa chuoni. Kasema desturi haihitaji mkutano wala sheria. Watu wawili wakikutana mlangoni lazima mmoja apishe. Nani apishe si hoja. Hoja ni kila mmoja ajue mwenzake anatarajia nini. Wakishatarajiana hivyo, desturi imezaliwa. Kisha akaniambia nimwambie tu Bi Vifungo kwamba nampenda. Dada kasoma sana, lakini mapenzi hayajui. Mimi nimeshika lile la desturi.

Jioni, wakati wa kufunga, nikaacha kofia yangu kwenye kile kiti.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Miwani kaiona kofia, kaangaza huku na huku kama aliyekosea nyumba. Nikamwambia kwa macho makavu kwamba kofia kitini maana yake kiti kina mwenyewe, mafundi wote wa maana hufanya hivyo. Akaenda kwenye pasi mwenyewe! Bi Vifungo kaniuliza nimeamkaje. Nikajibu salama, nikajidunga sindano. Raha tupu.

Jumatano, 11 Juni

Jamani! Kila kiti kina kofia. Bi Vifungo kaweka kitambaa. Hata Fundi Mkuu kaweka, na kiti chake hakuna anayethubutu hata kukigusa. Na kwenye changu? Kofia ya Miwani! Jana jioni nilikwenda kunawa mikono, naye akawahi.

Nikasema kofia si chochote si lolote. Wakanitazama kama niliyetema mate sakafuni. Miwani akasema ndivyo tulivyozoea hapa, tangu zamani. Zamani ipi? Ya jana! Nikawaambia mwanzilishi ni mimi. Wakaangua kicheko. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Nikapiga moyo konde. Nikaondoa kofia ya Miwani, nikakaa. Lo! Hakuna aliyenisemesha. Fundi wa mashati akaninyima mkasi. Bi Vifungo akasema polepole kwamba hakulitegemea hilo kwangu. Yalinikata maini. Nikainuka, nikarudisha kofia ya watu mahali pake, nikamwomba Miwani radhi, nikarudi kwenye pasi yangu.

Dada kacheka hadi machozi. Kasema desturi ukiivunja peke yako, hasara unaibeba peke yako. Halafu akarudia lile lile: mwambie. King'ang'anizi huyu!

Ijumaa, 13 Juni

Nimefika asubuhi, nikakuta kitambaa kwenye kiti cha pili, hapa hapa kwenye pasi. Cha Bi Vifungo! Nilikitazama weee, nikaogopa hata kukohoa. Akaja, akaketi. Kasema jua la dirishani limemuumiza macho tangu alipoanza kazi; alivumilia kwa kuwa kila mtu alishajua pale ni pake. Kasema jana aliponiona nairudisha ile kofia, alinionea huruma, na zaidi ya huruma. Zaidi ya huruma! Nikapiga pasi mguu ule ule wa suruali hadi ukang'aa. Miwani yuko dirishani, kakunja uso, anapambana na jua lake.

Nimempigia Dada. Kasema njia nyeupe, kilichobaki ni kufungua kinywa tu. Thubutu! Niharibu mpango unaokwenda vizuri hivi? Jumatatu nitakuja na chakula cha watu wawili. Bi Vifungo akishangaa, nitamwambia kwa macho makavu kwamba wanaotumia pasi moja hula pamoja. Ndivyo tulivyozoea hapa, tangu zamani.