Habari za Fundi Inchi na Kopo la Pipi Zenye Ramu

Enyi mlioketi na mlio njiani, mnaongoja zamu na mliokwisha kukata tamaa ya zamu, tegeni masikio, maana nitakayoyanena si habari za wafalme walioteka miji. Hao wameandikwa vya kutosha, na wengi wao walikuwa waongo. Nitanena habari za Fundi Inchi, mshonaji wa nguo za kike na za kiume, mwenye futi shingoni na pini mdomoni, aliyeunda kwa mikono yake pipi za chokoleti zenye ramu tumboni, bila oveni na bila kuoka chochote, akaitikisa ngome ambayo mtu wa ukoo ule hajawahi kuitikisa. Nami sikusimuliwa. Niliyaona kutoka kwenye benchi la wateja, nilikokuwa nimeketi wiki ya tatu nikingojea suruali yangu ya kijivu, ambayo kila nikiiulizia niliambiwa kesho.

Na ijulikane kwanza chanzo cha vita. Fundi Inchi ana wifi, dada wa mumewe, ambaye kwa kazi ni mkaguzi wa shule. Mkaguzi huyo, mwenye kidole kipitacho juu ya kabati kutafuta vumbi, mwenye jicho lionalo koma iliyokosekana katika barua ya rambirambi, hakuwahi maishani mwake kusema asante bila kuifuatisha lakini. Asante, lakini rangi imekolea. Asante, lakini ungeuliza kwanza. Mwaka uliotangulia, sikukuu za mwisho wa mwaka zilipokaribia na watu wakaanza kupelekeana zawadi, Fundi alimshonea foronya mbili nyeupe, akazitarizi maua kwa mkono, ua moja kwa jioni moja, akaenda mwenyewe kumkabidhi. Mwezi wa tatu, mke wa mwenye nyumba alimletea Fundi kifurushi cha shukrani kwa kumpunguzia gauni. Fundi akakifungua. Ndani mlikuwa na foronya mbili nyeupe zenye maua, na ndani ya pindo ulikuwamo uzi wa buluu ambao yeye huuacha katika kila kazi yake, iwe ndiyo sahihi yake. Zilikuwa zimepita mikono minne, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, na hakuna hata mmoja aliyezilalia.

Nasema kweli, ilimuuma. Hakugomba wala hakumpelekea mumewe neno. Alizikunja, akazitia chini kabisa ya kabati, na kwa siku mbili akashona bila kuimba, hata sisi wateja tukawa tunaongea kwa sauti ya chini bila kujua sababu.

Hata mwaka ulipozunguka, na matangazo ya sikukuu yakaanza kupiga kelele redioni, Fundi Inchi alijifunga kibwebwe, akasimama katikati ya vitambaa, mkasi mkononi, akaihutubia hadhara iliyokuwapo, yaani mimi na sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa.

"Nisikilizeni," akasema. "Mwaka huu nitampa wifi yangu kitu ambacho hatampa mtu mwingine. Kitakachoingia mlangoni kwake kiishie kwake. Na kikirudi hapa kama foronya zilivyorudi, basi simpi tena kitu mpaka tuzikane."

Nilitaka kuulizia suruali yangu, lakini nikaona si wakati wake.

Silaha ililetwa na muuguzi mmoja aliyekuja kuongezewa kiuno cha sare. Kwa hekima ya mtu aliyeona watu uchi wa maungo na wa tabia, alimweleza Fundi kwamba keki watu huwagawia majirani, vikombe huviweka kabatini, lakini pipi yenye ramu ndani kila mtu huionja kwanza ili ajue kama inafaa kugawa, na akishaionja basi. Akaandika maelezo nyuma ya kadi ya kliniki. Ponda biskuti pakiti mbili. Korosho za kusaga kikombe kimoja. Kakao vijiko vinne, sukari ya unga vijiko sita, asali vijiko viwili. Changanya, gandisha kwenye friji, finyanga, chovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Na mbele ya ramu, kwa mwandiko uleule wa haraka, muuguzi aliandika neno moja tu: kiasi.

Ole, waandishi wa maelezo, mnaopeleka watu vitani na kuwaachia neno hilo! Mtu mwingine angemimina kidogo akaendelea na maisha yake. Lakini Fundi hakuitwa Inchi kwa mzaha. Alijaribu kumpigia muuguzi, simu ikawa imezimwa kwa kuwa mwenyewe yuko zamu. Akanigeukia akaniuliza kiasi ni ngapi. Nikamjibu kwamba kiasi ni kiasi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kiuno ni kiuno na mguu ni mguu, akatikisa kichwa, akalifungua daftari lake la vipimo.

Kumbe katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na maana yake. Mumewe, dereva wa lori, mpole wa kupindukia, mwenye sauti ya chini na kiu isiyo ya chini, kila Jumapili asubuhi akiulizwa habari za chupa yake, huapa kwamba amekunywa kiasi tu. Fundi alichoka kubishana. Jumamosi moja akaweka mstari wa chaki ya kushonea kwenye chupa kabla, na kesho yake akaweka mstari mwingine baada, akapima kwa futi kutoka mstari hadi mstari. Akaandika daftarini, kati ya mabega ya mwalimu wa kwaya na nyonga za mpishi wa hoteli: Kiasi, inchi nne na robo.

Basi akaiendea chupa mpya ya mumewe, ndogo ya mfukoni, huko ilikojificha, nyuma ya marobota ya bitana, akaisimamisha mezani, akaishushia futi. Akapima inchi nne na robo kutoka juu, akachora mstari, akamimina yote iliyokuwa juu ya mstari. Iliyobaki ilitosha kulowesha kizibo na kumtia mtu huzuni. Mimi nilinyanyua kidole ili nimzuie. Kisha nikakumbuka suruali yangu iko mikononi mwa nani, nikakishusha.

Ndipo mapambano yakaanza. Mle jikoni, nyuma ya pazia lisilofunga vizuri, niliona mchanganyiko ukikataa kuwa donge. Ulikuwa uji, tena uji unaonuka bandari ya mabaharia. Fundi akatupa vitani pakiti ya tatu ya biskuti, ikazama. Akatupa ya nne, ambayo ilikuwa akiba ya chai ya wateja. Hata akatoka nyuma ya pazia, mikono kahawia mpaka viwikoni, akaniendea mimi mzee wa watu niliyekuwa na biskuti ya mwisho mkononi, nimeiuma mara moja tu, akaninyang'anya, akakata kwa mkasi pale nilipouma, akarudi nayo jikoni. Kile kipande nilichouma aliniachia. Sijawahi kuibiwa kwa unadhifu namna ile.

Uji ukakaza. Saa mbili ulikaa kwenye friji, na alipoutoa akaanza kufinyanga viduara, kila kimoja kikapimwa, inchi moja kamili, na kilichozidi kikanyofolewa. Akayeyusha chokoleti kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto. Akachukua sindano ndefu ya kufumia sweta, akachoma kiduara cha kwanza, akakichovya, akakiinua juu. Kikang'aa. Halafu, taratibu, upande mmoja wa chokoleti ukapasuka na tone la ramu likatoka likamdondokea mguuni. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu pia. Akakaa kwenye kigoda, uso umemshuka, na nilimsikia akisema kwamba wifi yake atacheka mpaka mwaka mwingine.

Huruma ilinishika, nikasahau hata suruali. Nikamwambia pole, pengine bado foronya zinaweza kupelekwa mara ya pili. Neno foronya lilimchoma. Akasimama.

"Inavuja kwa sababu nimeivisha koti bila bitana," akasema.

Sikieni akili ya fundi wa kweli! Alivichovya vyote mara ya kwanza, chokoleti nyembamba, akavirudisha kwenye friji mpaka vikakauka. Hiyo ikawa bitana. Kisha akavichovya mara ya pili, nzito, akaziba kwa ncha ya kisu kila tundu la sindano kama azibavyo mwanya wa mshono. Hilo likawa koti. Akavipanga juu ya plastiki ya kufunikia cherehani. Tukangoja, mimi na yeye na yule asiye na kichwa, na hakuna hata kimoja kilichovuja.

Mumewe aliporudi kula chakula cha mchana aliiona chupa yake mezani. Akaiinua kwenye mwanga. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, ni nani amemfanyia hivi. Mkewe akamfungulia daftari, akamwonyesha kipimo na tarehe. Yule bwana alisoma, akaketi. Zilikuwa zimetoka pipi ishirini na sita. Akapewa moja ya kumfariji, nami nikapewa moja ya fidia ya biskuti. Niliitia mdomoni. Ilianza kwa upole, chokoleti, kisha korosho, halafu ramu ikafika kwa pamoja ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka kusimama nimpongeze Fundi, nikaona ni busara kuendelea kukaa.

Zilizobaki, ishirini na nne, zilipangwa katika kopo la bati lililokuwa la vifungo, limeoshwa na kukaushwa, tabaka nne za pipi sita sita mpaka ukingoni, likafungwa kwa utepe mwekundu. Kesho yake Mkaguzi akaja kuchukua gauni lake. Fundi alimkabidhi kopo kwa mikono miwili, na kwa kuwa si mtu wa kuvizia alimwambia wazi kwamba ndani kuna ramu, tena si haba. Mkaguzi aliligeuza kopo akatazama kitako chake.

"Asante, lakini mimi na mambo haya wapi na wapi, wifi," akasema. "Nitawapa wageni."

Akaondoka nalo. Mkono wa Fundi ukaenda chini ya kabati zilikolala foronya, ukarudi bila kutoa kitu.

Siku nne zilizofuata zilikuwa siku za kuzingirwa. Kila aliyebisha hodi, Fundi alimtazama mikono kwanza. Alimkaribisha mke wa mwenye nyumba kwa hofu iliyo wazi, na alipoona amekuja mikono mitupu akamshukuru mpaka yule mama akashangaa. Kazi zilikwenda mrama. Suruali yangu, ambayo hatimaye ilipanda mezani, ilishonwa mguu mmoja ukazibwa kabisa chini, na nilipomwonyesha akaniambia nisimchanganye.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, tulisikia viatu vya Mkaguzi kwenye ngazi. Mlango ukafunguka. Mkononi mwake mlikuwa na lile kopo la bati, utepe mwekundu umefungwa juu yake, fundo la namna ileile. Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Limerudi," akaniambia kwa sauti ya chini, na macho yake yakalowa.

Mkaguzi akaliweka kopo mezani. Fundi akaufungua utepe bila kumtazama, akaondoa kifuniko. Nami, kwa haki ya mwandishi wa habari hizi, nikanyanyuka kwenye benchi nikachungulia. Kopo lilikuwa tupu. Halikubaki hata chembe ya kakao pembeni.

Fundi akauliza kama wageni walizipenda. Mkaguzi akatazama cherehani, akatazama dirisha, akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza hakukigeuza kutazama vumbi.

"Wageni hawakuja," akasema. Kisha akasema, "Asante."

Tukangoja. Fundi alingoja, nami nilingoja, na nina hakika hata sanamu ilingoja. Ile lakini yake haikuja. Ilikaa pale mlangoni, siku zake zote za utumishi zikiwa zimekwisha, na badala yake Mkaguzi akalisogeza kopo mbele kidogo kwa ncha ya kidole.

"Kama zimebaki nyingine," akasema, "mimi nilionja kiasi tu."

Fundi Inchi aliivua futi shingoni. Akaishusha polepole ndani ya lile kopo tupu mpaka ikagusa chini, akainama akasoma.

"Inchi nne na robo," akasema. "Kweli, wifi. Ni kiasi."

Na iandikwe basi, kwa wino usiofutika, kwamba huo ndio Mwaka wa Kopo Tupu, ambao ndani yake asante ilitembea peke yake bila msindikizaji, na Mkaguzi wa wakaguzi akakaa kwenye benchi la wateja, kando yangu, kungoja kopo la pili kama mtu mwingine yeyote. Foronya zimetolewa chini ya kabati, sasa zinalaliwa na Fundi mwenyewe na mumewe, ambaye siku hizi akiulizwa habari za chupa hujibu kwa inchi. Nami suruali yangu niliipata siku hiyohiyo, kwa kuwa Fundi alirudi kuimba na mkono wake ukawa mwepesi. Asiyeyaamini haya aje anitazame nikitembea: mguu mmoja umezidi mwingine, kiasi.