Mikate Ishirini na Saba ya Jengo Namba Sita

Jumatatu, 9 Septemba

Barua kutoka ofisi ya Mji Mpya. Jengo letu likiwa na kaya arobaini mkaguzi atakapokuja Alhamisi, litakuwa mtaa kamili wenye mwenyekiti wake. Zikipungua, tutaunganishwa na jengo la ng'ambo ya barabara, chini ya Bi Oyniso, muuguzi wa meno mstaafu. Mwanamke anayejua kila kitu na kukisema. Kaya tulizo nazo: kumi na tatu. Mwenyekiti anayefaa: mimi, Ergash.

Zulayho, mke wangu, hajali cheo. Kasema tangu tuhame ua wetu wa Tashkenti hajapata jirani wa kumwomba hata chumvi. Lifti tu ndiyo inayomsemesha. Mtaa usipopatikana, anahamia kwa dada yake. Nilicheka. Kisha nikaona begi lake kitandani, nikaacha kucheka.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeazima funguo kwa mlinzi, nimeanika nguo zetu kwenye roshani za nyumba tupu. Ukitazama kutoka barabarani, jengo limejaa watu. Lilijaa hadi saa nane mchana. Upepo wa nyika ukaja, suruali yangu ya ndani ya baridi ikavuka barabara, ikatua kwa Bi Oyniso.

Jioni kaileta mwenyewe, imepigwa pasi. Kamwambia Zulayho, "Mwanangu, mwambie mzee wako hapo nyuma kiraka kimoja hakitoshi." Zulayho akamkaribisha chai. Wamekaa saa mbili! Msaliti.

Jumatano, 11 Septemba

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kwetu msafiri hung'ata mkate mara moja kabla ya kutoka, unatundikwa ukutani, unamngoja arudi aumalize. Basi kaya zangu ishirini na saba hazikosekani. Zimesafiri tu.

Nimenunua mikate ishirini na saba. Nimeing'ata yote. Nimeitundika ukumbi wa chini, kila mmoja na jina la familia na namba ya mlango. Wa kumi ulikuwa mtamu. Wa ishirini ulikuwa adhabu. Taya zinauma hadi masikioni.

Alhamisi, 12 Septemba

Mkaguzi, Bwana Tursunov, kasimama mbele ya ukuta, kavua kofia. Kasema mama yake alimtunzia mkate miaka miwili alipokuwa jeshini. Macho yakamlowa. Kalamu ikaanza kuandika arobaini, nimeiona mwenyewe.

Ndipo akaingia Bi Oyniso. Kavaa miwani. Kapita mkate hadi mkate, mikono mgongoni. Kauliza, kwa upole kabisa, "Jamani, kaya ishirini na saba, na zote hazina jino la mbele kushoto? Maji ya jengo hili yana nini?"

Mkaguzi akaniomba nitabasamu. Nikakataa. "Tabasamu tu, mzee Ergash," kasema, "ni bure."

Ijumaa, 13 Septemba

Tumeunganishwa. Mwenyekiti: Bi Oyniso.

Mkate hautupwi, ni dhambi. Kwa hiyo mwenyekiti kaamuru sufuria kubwa uwanjani, mchuzi wa kondoo, na mikate yangu mikavu ikamegewa humo. Majengo yote mawili yakashuka. Kila aliyepokea bakuli aliniuliza kama nimeshamwonjea. Zulayho alicheka hadi akafuta machozi, huku amekaa katikati ya wanawake sita ambao jana hakuwajua majina. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ua wetu ubomolewe. Nilifurahi, nasema kweli, ingawa aliyekuwa akichekwa ni mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Asubuhi Zulayho kabeba begi. Nilisimama mbele ya mlango, nikaushikilia. Nilimwomba asiniache. Kaniambia niache ujinga, anakwenda siku tatu tu, kumchukua dada yake aje kuwaona majirani. Kisha akang'ata mkate, akautundika jikoni kwa mkono wake.

Nimekaa nikiutazama hadi adhuhuri. Atarudi. Moyo umetulia.

Nimeukagua pia kwa karibu. Meno yote yapo, yamepangana vizuri, hakuna pengo hata moja. Akirudi nitamwomba ang'ate mikate kumi na tatu, dada yake kumi na minne. Barua ya kuomba jengo letu lihesabiwe upya nimeshaiandika.